Kwa mnaoanza kusoma sarafu za kale: shikeni kwanza shilingi ya mfukoni

Kila mwaka mvua ya masika ikipungua huwa napata vijana wanne au watano wanaotaka kufundishwa kusoma sarafu za kale. Wengi ni wanafunzi wa historia, wachache wa theolojia, na mwaka jana alikuja makanga wa matatu za Rongai. Aliniambia sarafu zimepita mikononi mwake miaka sita na hajui zinasema nini. Nilimpenda papo hapo, kwa sababu swali lake ndilo kazi yenyewe: sarafu inasema nini, nani anaisemesha, na anamwambia nani. Haya nimeyaandika kwa ajili yake na kwa wenzake watakaokuja Nairobi mwaka huu.

Siku ya kwanza hatugusi Roma wala Misri. Namwaga mezani shilingi za Kenya za kila umri na kuwaomba wazipange kwa miaka. Yule kijana alizipanga haraka, kwa vidole vilivyozoea chenji, kisha akasita. "Mwalimu, hizi mpya hazina mtu."

Ni kweli. Sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu zetu. Kabla ya hapo alikuwepo Jomo Kenyatta tangu 1966, akaja Moi mwaka 1980, Kibaki akaonekana kwenye ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, kisha Kenyatta akarudi mwaka 2005. Mgeni asiyejua lolote kuhusu siasa zetu akizitazama zikiwa zimepangwa hivyo, ataona wazi kwamba wananchi walifika mahali wakakataa pesa yao iwe ukuta wa kubandikia picha ya mkubwa.

Kisha natoa senti 10 ya koloni, ile yenye tundu katikati ambayo nyanya zetu walikuwa wakiitunga kwenye uzi. Ina mwaka 1936 na jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekalia kiti kwa muda usiotimia mwaka akakiacha Desemba. Waingereza kwao hawakupata kununulia mkate sarafu yenye uso wake, lakini huku kwetu jina lake lilishafika sokoni. Baadaye linganisheni shilingi ya George wa Sita ya mwaka 1946 na ya mwaka 1948. Ya kwanza inamwita mfalme na kaisari wa India, ya pili inamwita mfalme tu, kwa sababu India ilijitawala Agosti 1947. Hata robo ya fedha iliyokuwamo imeondolewa. Dola ilipungukiwa cheo na madini kwa pamoja, na mama aliyeuza viazi Nairobi alibeba habari hiyo kwenye leso bila kuambiwa.

Nawaanzishia hapo ili mpate mazoea ya kutafuta kilichoondolewa. Macho ya mwanafunzi mpya hukimbilia kilichoandikwa, nayo mabadiliko makubwa ya utawala na imani mara nyingi huonekana pale ambapo kitu kimefutwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa khalifa Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala kutoka Dameski kuanzia 685 hadi 705. Waislamu walipoiteka Shamu walikuta watu wanatumia dhahabu ya Byzantium, dola ya Kikristo ya Warumi wa mashariki, yenye wafalme upande mmoja na msalaba juu ya ngazi upande wa pili. Huwezi kubadilisha pesa ya watu kwa usiku mmoja, maana wataikataa. Kwa hiyo mafundi walichapa dinari zinazofanana na zile, ila waliuondoa mti wa kukingama wa msalaba. Ikabaki nguzo imesimama juu ya ngazi. Tazameni picha yake taratibu, kwa sababu hapo mnaona serikali ikiwaza kwa kidole: ngazi zibaki ili mfanyabiashara asishtuke, msalaba uondoke ili muumini asikwazike.

Baadaye ikaja dinari yenye khalifa mwenyewe amesimama na upanga wake. Haikudumu miaka mingi. Mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697, picha zote ziliondoka, hata ya khalifa, hata jina lake, yakabaki maneno matupu pande zote mbili. Binti mmoja wa Eastleigh alikuwa akiifuata picha iliyokuzwa ya dinari hiyo kwa kijiti, herufi kwa herufi, maana mwandiko wa Kikufi wa zamani hauna nukta na unachosha. Alifika katikati ya upande wa nyuma akanyamaza. Halafu akaendelea kwa sauti bila kutazama tena, kwa sababu alikuwa ameikuta Surat al-Ikhlas aliyoihifadhi tangu chuoni: Allah ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa.

Sasa ulizeni swali la makanga: maneno hayo anaambiwa nani? Muislamu alikuwa anayajua tayari. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na dola iliyoamini kwamba Mungu ana Mwana, na katika miaka hiyohiyo mfalme wake, Justinian wa Pili, aliweka uso wa Yesu kwenye dhahabu yake na yeye mwenyewe akajiita mtumishi wa Kristo. Wanazuoni bado wanabishana nani alikuwa akimjibu nani. Mimi nawaomba muone tu kwamba wafalme wawili walijadiliana habari za Mungu kupitia kitu kisicholingana hata na shilingi 10 yetu kwa upana.

Pwani yetu ilikuwa na lugha yake katika mazungumzo hayo. Sarafu ndogo za shaba za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola. Mwenye sikio la shairi ataziingia upesi kuliko mwenye digrii. Unasoma jina la sultani na la baba yake, unageuza, na kina kinakusubiri upande wa pili, kama ukwapi na utao wa mshororo mmoja. Sijui watawala wengine wengi waliotaka jina lao na utiifu wao kwa Mungu vifungwe kwa kina kimoja. Kwa msomaji wa Kiswahili hiyo si ajabu ya kigeni. Ni kwao.

Shida ni kwamba sarafu hizo hazina mwaka wala jina la mji. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuongoza taasisi ya Waingereza ya utafiti wa Afrika Mashariki hapa Nairobi, alimweka sultani Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo kulikuwa na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Wafatimi wa Misri, na tarehe ya mwisho kwenye dhahabu hiyo ni 1066. Sultani mzima akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana nawasumbua sana kuhusu mahali sarafu ilipotoka. Sarafu isiyo na tarehe huhukumiwa na ilizozikwa nazo, na ukiitenga na wenzake kwa sababu umeipenda, umemfungia mdomo shahidi.

Lakini msikimbie pia. Dinari nyingi za Wafatimi zimeandikwa kwamba Ali (yaani Ali bin Abi Talib, mkwe wa Mtume, si yule sultani) ni walii wa Allah, tamko la Kishia. Je, mtu wa Mtambwe aliyezifukia alikuwa Mshia? Hatuwezi kusema hivyo. Dhahabu hupokelewa kwa uzito wake na mtu yeyote. Sarafu za fedha zilizochapwa palepale na kuzunguka palepale ndizo zinazotuambia nani alitawala na alijionyesha kwa imani gani. Vivyo hivyo na ile sarafu ya mfalme Yongle wa China, yenye tundu la mraba, iliyotangazwa kupatikana kisiwani Manda mwaka 2013. Watu wengi walirukia hadithi ya majahazi ya Zheng He, jemadari wa baharini wa mfalme huyo, kutia nanga Lamu. Inawezekana sarafu ilikuja nayo. Inawezekana pia ilipita mikononi mwa wachuuzi kumi kabla ya kufika.

Roma mtaikuta kila mahali, kwa hiyo sitakaa huko sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliweka uso wake kwenye dinari akiwa hai, jambo ambalo Warumi walilihesabu kuwa la kifalme, na mwezi Machi wakamuua. Brutus, mmoja wa wauaji, alichapa sarafu yenye majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru katikati yake. Geuzeni upande wa pili: kuna uso wa Brutus mwenyewe, naye yu hai. Nimewaona wanafunzi wakiitazama hiyo kimya kwa dakika nzima, na sikuwa na la kuongeza.

Wanaotoka theolojia nawaomba waikazie macho dinari ya kaisari Tiberius, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa kuhusu kodi. Kanisani tunasikia ya Kaisari na ya Mungu kana kwamba vilikuwa vimekwisha kutengana. Maandishi ya sarafu yenyewe yanamwita Tiberius mwana wa Augustus aliye mungu, na upande wa nyuma yanamtaja kuwa kuhani mkuu. Swali kwamba sanamu na anwani hii ni ya nani lilikuwa zito kuliko linavyosikika Jumapili.

Na msisahau madini, maana picha huweza kusifu huku madini yakilia. Kufikia miaka ya 260 sarafu iliyoitwa ya fedha ya Roma ilikuwa imebaki na fedha kidogo mno, shaba iliyopakwa weupe. Katika hali hiyo kaisari Gallienus alitoa mfululizo wa sarafu zinazoomba miungu imlinde, kila mungu na mnyama wake: Diana na paa, Jua na farasi mwenye mabawa. Nilipoziweka mbele ya kikundi, mtu mmoja alisema dua zimeongezeka fedha ilipokwisha. Tangu hapo sijapata namna bora ya kulieleza.

Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, ndiko ninakotamani vijana wa Afrika Mashariki wapeleke nguvu zao, kwa kuwa ni majirani na wasomaji wake bado ni wachache. Mfalme Ezana, katika karne ya 4, alianza na duara na mwezi mwandamo juu ya kichwa chake, alama za dini ya zamani. Alipobatizwa alama hizo zikaondoka, ukaingia msalaba, naye ni miongoni mwa wafalme wa kwanza duniani kuuweka kwenye sarafu zao. Dhahabu iliendelea kuandikwa Kigiriki ili ieleweke kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, na shaba ikaja kuchukua Kigeʿez cha nyumbani. Kwenye baadhi ya sarafu za shaba, fundi alitia dhahabu halisi kipande kidogo tu, kuuzunguka msalaba. Ukiinamisha sarafu hiyo chini ya taa, shaba yote inabaki kimya na msalaba peke yake unawaka. Mkulima ambaye hakupata kushika dhahabu maishani aliishika hapo. Zipo pia zenye maneno ya Kigiriki yanayomaanisha: hili na liipendeze nchi.

Sasa mambo ya mikono. Usioshe sarafu. Mimi katika mwaka wangu wa kwanza nilisugua sarafu ya shaba kwa limau na majivu, kama mama alivyosugua sufuria, ikang'aa vizuri sana na nusu ya maandishi ikaondoka na kutu. Kutu ya kijani iliyotulia ni ngozi ya sarafu. Ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa, usiishike juu ya sakafu ya saruji. Pima uzito kwa mizani ya sonara kabla ya kusoma chochote, maana bandia nyingi hushindwa kwenye uzito na kwenye ukingo, ambapo utaona mshono wa kalibu au vitundu vidogo vya mapovu.

Usinunue sarafu ya Pwani kutoka kwa mtu asiyetaka kusema ilichimbwa wapi, hata kama bei ni ya huruma. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na anayevikuta anatakiwa kuwajulisha Makumbusho ya Taifa. Ukiokota kitu shambani au ufukweni, kipige picha kikiwa palepale, weka kitu cha kupimia kando yake, kisha piga simu.

Jumamosi ya kwanza njoo na sarafu moja tu kutoka nyumbani kwenu, ya zamani kuliko wewe. Kama ni ya nyanya au babu, muulize aliipataje na ilinunua nini siku hizo, na uandike majibu kwa maneno yake mwenyewe. Lenzi ninazo. Chai ipo saa nne.