Bastola inakukwamia wewe tu? Maswali na majibu

Maswali mengi niliyopokea safari hii ni ya bastola zinazokwama. Majaribio yote nitakayoyataja hapa ni ya uwanja wa shabaha, mbele ya mkufunzi.

Afande, bastola yangu ya kazini ni ya milimita 9. Karibu kila magazini hunikwamia, ganda la risasi likabaki limesimama kwenye mlango wa kutokea. Fundi wa silaha anasema ni nzima, na mwenzangu wa zamu akiipiga haikwami. Ina nini? (Mlinzi, Jinja)

Kwa hayo uliyoeleza, ndugu yangu, bastola haina kitu. Angalia kifundo cha mkono wako.

Bastola ya namna hiyo hujipakia kwa nguvu ya risasi yenyewe. Baruti ikishalipuka, slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) na mtutu hurudi nyuma pamoja milimita chache, kisha mtutu unainama na kuachana na slaidi. Slaidi inaendelea peke yake: inavuta ganda, inalitupa nje, inakandamiza springi, na springi inairudisha mbele ikiwa na risasi mpya. Huo ni mpango wa John Browning, ule wa M1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, na bastola nyingi za leo bado zinaufuata. Sasa, slaidi inateleza juu ya fremu, yaani mwili wa chini wenye mpini, na fremu imeshikwa na wewe. Mkono ukilegea, fremu nayo inarudi nyuma pamoja na slaidi, na safari ya slaidi inaishia njiani.

Mwambie mtu ashike ubao hewani kwa vidole viwili, wewe upigilie msumari. Ubao unakimbia pamoja na nyundo, msumari hauingii. Uegemeze ukutani, pigo lile lile linauzamisha. Slaidi yako imekosa ukuta. Inalitupa ganda kivivu, halafu inarudi na kulibana kabla halijatoka. Wakati mwingine ganda linatoka, lakini slaidi haikufika nyuma ya risasi inayofuata, kwa hiyo inajifunga juu ya chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) tupu. Mimi naiogopa hiyo zaidi, kwa sababu hutaijua mpaka uvute triga usikie "tik".

Fremu nyepesi huongeza shida. M1911 ya chuma inazidi kilo 1, na uzito huo peke yake unaituliza. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina fremu ya plastiki na haifiki gramu 750 ikiwa tupu. Tena wengi wetu hapa Uganda tulifundishwa kwanza kwa AK-47, bunduki inayoendeshwa na gesi huku bega likiibeba. Tunafika kwenye bastola tukidhani mkono ni wa kulengea tu.

Kwa hiyo nibane kwa nguvu zangu zote? (Askari, Gulu)

Hapana. Ukibana hivyo mkono unatetemeka, na kidole cha triga kinakaza pamoja na vingine. Risasi inakwenda chini. Shika kama unavyoshika panga la kufyekea: halikuponyoki, na bado saa nzima baadaye mkono haujafa ganzi. Kiganja kipande juu kabisa kwenye mpini, ila kisifike njia ya slaidi, itakuchana. Mkono wa pili ujaze nafasi iliyobaki upande wa pili, nao ndio ubane zaidi. Kifundo kisikunjike.

Risasi zikiisha, slaidi yangu haibaki nyuma. Nimenunua magazini mpya, bado. (Mlenga shabaha, Kampala)

Kidole gumba chako kimelala juu ya komeo la slaidi. Magazini ikiisha hulisukuma komeo hilo juu ili liishike slaidi nyuma, wewe unalikandamiza chini. Kielekeze mbele, kando ya fremu. Wapo pia wanaolisukuma juu bila kujua, slaidi ikafunguka wakati risasi bado zipo.

Afande, mikono yangu ni midogo. Msimamizi anasema bastola inanikwamia kwa sababu si kazi ya mwanamke. (Mlinzi, Mbale)

Dada, amekosea, na inaniuma kila nikisikia neno hilo.

Niliwahi kumfundisha mlinzi mwenye tatizo lako. Mpini ulikuwa mnene, kwa hiyo ili afikie triga aliizungusha bastola mkononi, mgongo wa mpini ukaegemea mfupa wa gumba badala ya kukaa sawa na mkono wake. Kila pigo lilikuwa linaipindua. Maganda mengine yaliruka, mengine yalidondoka miguuni pake. Bastola yake ilikuwa ya aina inayobadilishwa mgongo wa mpini. Tukaweka mwembamba, akarudisha kiganja nyuma ya mpini, akainama mbele kidogo. Magazini iliyofuata iliisha bila kukwama, na maganda yote yalilala upande wa kulia, karibu sehemu moja. Nguvu zake zilikuwa zile zile.

Kama yako haibadilishwi, omba yenye mpini mwembamba, ile ambayo risasi hupangwa mstari mmoja kwenye magazini. Ni haki yako kupewa silaha inayokutosha mkononi, kama unavyopewa buti za namba yako.

Rivolva nayo ina ugonjwa huu? (Mstaafu, Mbarara)

Haina, mzee. Silinda yake inazungushwa na kidole chako kwenye triga au unapovuta nyundo, haitegemei teke la risasi.

Nitajuaje kama ni mkono au silaha? (Mlinzi, Arua)

Weka risasi moja tu kwenye magazini, ipakie, piga ukiwa umeweka gumba mbali na komeo. Slaidi ikibaki wazi, imemaliza safari yake. Rudia mara 10. Kisha mkufunzi apige bastola hiyo hiyo, kwa magazini hiyo hiyo na risasi za boksi lile lile. Ikimkwamia naye, uache mkono wako: tafuta springi iliyochoka, midomo ya magazini iliyopinda, uchafu, au risasi dhaifu. Andika namba kwenye kila magazini, utashangaa mara ngapi mkosaji ni ile ile moja.

Na ukisikia mlio hafifu, "puf" badala ya kishindo, usikoki wala usipige tena. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu, na ya pili itaupasua. Elekeza mtutu kwenye shabaha, toa magazini, fungua chemba, umkabidhi fundi.