Maji ya paa yaishie wapi? Majibu kwa wasomaji

Mvua za Septemba zimerudi, na maswali ya safari hii karibu yote yanahusu bomba linaloteremsha maji ya paa na mahali linapoyamwaga. Nimechukua saba. Kile kipande kinachofungwa chini ya bomba ili kuyapeleka maji mbali na ukuta nitakiita "mkono". Sijapata jina fupi kuliko hilo.

Mama mwenye nyumba, Tororo: Mwaka jana niliweka gata mpya, lakini chumba cha pembeni bado kinanuka unyevu na rangi inabanduka karibu na sakafu. Fundi anasema saruji ilikuwa mbovu. Ni kweli?

Saruji yako sijaiona, mama, lakini mimi ningeanzia nje. Nenda kwenye kona ambako bomba linashuka, utazame chini. Ukikuta kishimo, mchanga uliooshwa na ukuta wenye madoa ya tope hadi usawa wa goti, umepata jibu.

Paa lisilo na gata hudondosha maji kidogo kidogo kuzunguka nyumba nzima. Ukiweka gata umeyakusanya yote na kuyamimina mahali pamoja. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ambayo paa lake limefunika mita 10 kwa 8 (pima chini, usipime mteremko wa mabati) ina mita 80 za mraba. Mvua moja nzito ya milimita 30 inakupa lita 2,400. Kama una mabomba mawili, kila kona inapokea lita 1,200, yaani mapipa 6 ya lita 200 yamwagwe kwenye msingi ndani ya saa moja. Hata saruji nzuri itasalimu amri.

Peleka maji angalau mita 1.5 kutoka ukutani. Kama udongo wako ni mfinyanzi mzito, nenda mbili au zaidi. Ardhi ya kando ya nyumba nayo iteremke kwenda nje, sentimita 5 hivi kwa kila mita. Bila mteremko huo, maji uliyoyapeleka mbali yatarudi nyumbani kama kuku jioni.

Mpangishaji, Jinja: Nilifunga bomba la mita mbili chini, wapangaji wakaling'oa. Wanasema linazuia kufagia na pikipiki hazipiti. Nimesikia kuna la kukunja. Linatengenezwaje?

Wapangaji wako siwalaumu. Nyumbani kwangu nilifunga la aina hiyo hiyo, kwa gundi na kila kitu. Wiki ya kwanza mtoto wa jirani alijikwaa. Ya pili, boda aliyeleta gunia la mkaa alilipanda kwa gurudumu. Ya tatu, mama watoto, ambaye hufagia uwanja kila alfajiri, alilikata kwa msumeno wangu mwenyewe. Likakaa nyuma ya jiko misimu miwili ya mvua, watu wakiegemezea mafagio, na kona ya nyumba ikachimbika hadi mtu akaweza kuingiza kiganja chake chote chini ya baraza. Tangu hapo nawaambia watu: bomba linalokera litaondolewa tu, hata ulifunge vipi. Linaloinuka hubaki.

Kama mabomba yako ni ya bati ya pembe nne, kazi ni rahisi. Fundi wa bati, wa Katwe kule Kampala au wa mtaani kwako, ataweka bawaba na riveti na utamaliza. Lakini nyumba nyingi huku kwetu zina bomba la plastiki la mviringo, na bawaba haikai vizuri kwenye kitu cha mviringo. Hapo mimi hutumia bolti mbili.

Chukua bomba linaloteremka la inchi 3. Chini, sentimita 30 kutoka ardhini, weka kona ya kulielekeza nje, na kwenye kona hiyo chomeka kipande kifupi cha bomba hilo hilo, kitokeze kama sentimita 15. Hicho ndicho mdomo. Mkono wenyewe utatoka kwenye bomba la inchi 4. Upasue kwa urefu kwa msumeno wa chuma, uondoe sehemu ya juu, ubaki mfereji ulio wazi kama hori la ng'ombe. Usikate nusu kamili pale utakapofunga bolti; acha masikio mawili yanayosimama kidogo, upana wa vidole viwili kila upande, ili tundu lisiwe ukingoni kabisa.

Mfereji uukumbatie mdomo kwa chini, uanze nyuma ya bolti kwa sentimita 5 hivi. Maji yanayong'ang'ania chini ya mdomo wakati wa manyunyu yatadondokea humo badala ya ukutani. Ni kanuni ile ile ya mabati kupandiana: cha juu kimwagie ndani ya cha chini. Toboa masikio na mdomo, kulia na kushoto, usawa mmoja, na tundu la mdomo liwe sentimita 2 tu kutoka ukingoni. Watu huharibu hapa. Ukitoboa nyuma zaidi, ukiinua mkono sakafu yake itagonga mdomo na hautasimama. Ukiona unakwaruza, punguza kwa tupa.

Kichwa cha bolti kiwe ndani na nati nje, la sivyo majani yatanasa kwenye nyuzi zake. Weka washa (kile kipete bapa cha chuma), kaza nati mpaka mkono uinuke kwa uzito kidogo, kisha funga nati ya pili juu ya ile ya kwanza ili isilegee. Mwisho, ndoano ya waya kwenye bomba la ukutani ya kuushikilia ukiwa umesimama, na huko mbele jiwe bapa au tofali la kuchoma la kuulaza na kupokea maji. Mteremko usipungue sentimita 2 kwa mita. Maji yakituama, umewajengea mbu nyumba.

Utauliza kwa nini uwe wazi. Kwa sababu bomba lililofungwa huziba kwa kaveera moja (mfuko wa plastiki) na jani la fenesi, na hutajua mpaka maji yafurike. Mfereji unauona ukipita.

Kijana, Arua: Bati au plastiki?

Plastiki. Bati zuri lina nguvu, lakini kitu cha chuma kinachofika usawa wa goti nje ya nyumba usiku kitaishia kwenye mizani ya skrapa. Tatizo la plastiki ni jua: baada ya miaka michache huwa kavu na kupasuka kama ganda la yai. Ipake rangi ya mafuta kabla ya kuifunga.

Msomaji wa mlimani, Kampala: Maji yangu yanamwagikia kwa jirani wa chini, na ameanza kununa. Mlima si wangu, nifanye nini?

Mlima si wako, ila gata ni zako. Kabla hujajenga, maji yale yalishuka yametawanyika na mengine yakanywewa na udongo. Sasa unamtumia mkondo mmoja wenye kasi, na kusema ukweli, mimi pia ningenuna.

Jambo la kwanza ni kuzungusha mdomo. Kama kuna mtaro wa barabara upande wowote wa kiwanja, maji yaende huko. Kama hakuna, yagawe: mikono mitatu inayomwaga kidogo kidogo kwenye migomba ni bora kuliko mmoja. Wengi hukimbilia kuchimba shimo la mawe. Linasaidia, lakini jua kipimo chake. Shimo la mita 1 kila upande likijaa mawe hubakiza nafasi ya lita 350 hadi 400 tu, na kule bondeni kwenye mfinyanzi halinyonyi haraka. Lisiwe karibu na msingi, wako au wake.

Mwite jirani aje aone kabla ya kutoboa chochote. Mkishindwana kuna mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ingawa ugomvi wa maji ukifika kwake, siku hizo mvua zinakuwa zimeisha na kila mtu amebaki na hasira kavu.

Mstaafu, Bombo: Nina tangi la lita 5,000. Mkono wa nini tena?

Afande, kwa paa la mita 80 za mraba tangi hilo linajazwa na kama milimita 63 za mvua, siku chache tu za msimu mzuri. Kampala na ukanda wa karibu na Ziwa Viktoria hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, yaani lita 96,000 juu ya paa hilo. Ziada inatoka kwenye bomba la kufurikia, na mara nyingi nimeona bomba hilo likimwaga juu ya kitako cha tangi lenyewe. Tangi lililojaa lina uzito wa tani 5. Usilimegee ardhi chini yake. Funga mkono hapo.

Mama, Mbale: Naweza kuelekeza maji kwenye shimo la choo cha zamani?

Hapana. Shimo litajaa, uchafu utapanda na kusambaa kuelekea visima na chemchemi, na kuta zake zinaweza kuporomoka mtu akipita juu.

Msomaji wa Entebbe: Ninao mkono wa kukunja tayari, ila mlinzi huuinua asubuhi akifagia na kusahau kuushusha. Mvua ya saa tisa inatukuta hivyo.

Huo ndio ugonjwa wake hasa, na mbaya ni kwamba mkono uliosimama humwaga maji msingini kuliko hata kama usingekuwepo, kwa sababu yanapiga sakafu ya mfereji na kushukia pale pale. Mlinzi usimfokee. Ushushe mkono uutazame: tumbo lake linaelekea ardhini, halionekani. Ukiinuliwa, tumbo hilo linaelekea uwanjani. Basi lipake rangi kali, upande huo tu. Wa kwangu nimeupaka nyekundu iliyobaki kwenye mlango wa duka la shemeji. Ukiwa getini ukaona wekundu ukutani, mkono haujashushwa, na siku hizi watoto wakitoka shule ndio wanaokimbilia kuuteremsha kabla hata ya kuvua viatu.