Barua kwa mwanangu: saa za kwenda na saa za kurudi

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeipokea, na mama yako anakusalimu sana. Umeuliza inakuwaje tiketi yako ya Januari ionyeshe kwamba ndege inaondoka Heathrow, London, saa tano asubuhi na kutua JFK, New York, saa nane mchana, yaani muda wa saa 3 tu, ilhali ya kurudi inaondoka saa moja jioni na kufika saa moja asubuhi, saa 12 kamili, na bahari ni ile ile.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji ambao ndege inaondoka au inatua, na New York iko nyuma ya London kwa saa 5. Kwa hiyo ya kwenda ongeza 5 juu ya 3, upate 8. Ya kurudi toa 5 katika 12, zibaki 7. Ungesafiri katikati ya Machi hesabu ingebadilika, kwa kuwa Marekani husogeza saa zake mbele wiki mbili au tatu kabla ya Uingereza.

Inabaki tofauti ya saa moja kati ya 8 na 7, na hiyo ndiyo iliyonifurahisha katika swali lako. Umbali ni kilomita 5,540 hivi, uende au urudi. Lakini juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi ambako ndege hizi hupita, hewa baridi ya kaskazini hukutana na hewa ya joto ya kusini, na kwa sababu dunia inazunguka, hutokea mkondo wa upepo unaokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki, mkali zaidi majira ya baridi. Unakumbuka tulivyokuwa tukitweka tanga alfajiri kwenda Ukerewe, upepo wa nchi kavu ukitusukuma mgongoni, na jinsi waliochelewa hadi mchana walivyokutana na upepo wa ziwani usoni, wakabisha kulia na kushoto mpaka jioni? Ndege haibishi, ila hewa inayoibeba nayo inatembea. Chukua mwendo wa kilomita 900 kwa saa na upepo wa 100: kwenda ndege inasonga 800 na kutumia karibu saa 7, kurudi inasonga 1,000 na kutumia saa 5 na nusu, muda mwingine wa tiketi ni wa ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Februari 2020, wakati wa dhoruba, Boeing 747 ya abiria ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56.

Usishangae pia ukiona ndege inapinda kaskazini, kupitia Ireland na karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada. Nimeuvuta uzi wa nyavu juu ya tufe la wajukuu, nikaukaza kati ya miji hiyo miwili, nao ukapita huko huko: hiyo ndiyo njia fupi. Ramani ya ukutani, iliyo bapa, ndiyo inayotudanganya.

Kinachonitia wasiwasi ni usiku wa kurudi, kwa kuwa umeandika kwamba asubuhi ile unaingia kazini. Ukiondoa chakula na maandalizi ya kutua, utalala kwa muda wa saa 4 ukibahatika, na kwa mwili wako itakuwa saa nane usiku unaposhuka. Omba ruhusa ya siku hiyo, tafadhali.

Ukitua New York saa nane mchana, huku kwetu itakuwa saa nne usiku. Piga simu, mama yako hatalala kabla hujapiga.

Ni mimi, baba yako.