Gari Limetengenezwa na Bado Linachemsha: Utafute Wapi

Gari linalochemsha kwa mara ya kwanza ni kazi ya kawaida ya gereji, na mara nyingi fundi akishakuta hozi iliyopasuka au feni isiyozunguka mambo huishia hapo. Gari linaloendelea kuchemsha baada ya rejeta kubadilishwa, pampu ya maji kuwekwa mpya na silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) kufunguliwa linahitaji utaratibu mwingine, kwa sababu kufikia hatua hiyo mwenye gari hajui tena ni kifaa kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo, kipi kiliharibiwa na joto, na kipi kilifungwa vibaya wakati wa matengenezo yenyewe. Nimeipitia hali hiyo na gari la nyumbani kwangu Dar es Salaam, lenye injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.4, ambayo bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya aluminiamu. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomweleza ndugu au jirani anaponipigia simu akiwa ameshatumia fedha nyingi na mshale wa joto bado unapanda.

Kabla ya kununua kifaa kingine chochote, jibu kwa uhakika swali hili: gari linachemsha wakati gani? Lipo gari linalochemsha likiwa kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, kisha likapoa lenyewe barabara inapofunguka. Lipo jingine linalotulia mjini wiki nzima, lakini likifika mlima Kitonga kuelekea Iringa na mzigo kidogo, mshale unaanza kupanda. Fundi anayesikia tu kwamba "linachemsha" atatibu yote mawili kwa dawa moja, ilhali chanzo cha moja kiko kwenye upepo na cha jingine kiko kwenye maji au ndani ya injini.

Gari linalochemsha likisimama lina tatizo la upepo mpaka ithibitike vinginevyo, kwa kuwa likiwa mwendoni hewa hupita kwenye rejeta bila msaada wa feni. Washa kiyoyozi injini ikiwa inanguruma; kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, kagua fyuzi, rilei, nyaya na mota yenyewe. Ikianza, usiridhike haraka, bali shika kipande cha karatasi mbele ya rejeta uone kama kinavutwa na kubaki kimenata. Nimewahi kuona feni iliyobadilishwa nyaya zake zikaunganishwa kinyume, ikawa inazunguka kwa bidii huku ikisukuma hewa kwenda mbele. Kava ya plastiki inayoizunguka feni nayo ina kazi. Mafundi wengi huiacha pembeni baada ya kubadilisha rejeta kwa kuwa inasumbua kufunga, na bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Tazama pia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, maana vumbi, majani na wadudu hujikusanya hapo mahali ambapo jicho halifiki.

Linalochemsha kwenye mwendo au mlimani lina mambo mengi zaidi. Rejeta inaweza kuwa imeziba ndani hata kama kwa nje inang'aa, hasa kwa wale wanaojaza maji ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya Dar es Salaam yana chumvi. Hozi ya chini inaweza kulegea kiasi kwamba pampu ikivuta kwa nguvu inajikunja na kubana njia. Mapezi ya pampu yanaweza kuwa yameliwa na kutu huku pampu haivuji hata tone. Hapa ndipo kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza na kubonyeza, kinapolipa gharama yake. Injini ikishapata joto, pima sehemu mbalimbali za uso wa rejeta, ukiangalia mapezi ya feni yasikukate vidole. Joto likipungua taratibu kutoka upande maji yanapoingia hadi yanapotoka, njia ziko wazi. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya moto, mirija ya hapo haipitishi maji. Kipimo hiki ni cha dakika chache, na kingeokoa rejeta nyingi nzima zinazotupwa kila mwezi.

Kuhusu themostati, vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, nina msimamo ambao mafundi kadhaa hawaupendi. Kuing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, si matengenezo. Themostati ya gari la petroli kwa kawaida huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi, na ikishafunguka haizuii chochote cha maana. Joto la nchi halibadilishi hilo. Katika injini nyingi kifaa hicho pia hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, hivyo ukikiondoa, sehemu ya maji moto inaendelea kuzunguka ndani na gari linaweza kuchemsha zaidi kwenye mwendo mkali. Aidha, injini inayokimbia ikiwa baridi mno hula petroli nyingi. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone inafunguka kwenye joto gani na kwa kiasi gani. Unaponunua mpya Kariakoo au Gerezani, ipime hivyo hivyo kabla haijafungwa, kwa sababu upya wa boksi si ushahidi.

Mfuniko wa rejeta ni kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kushikilia shinikizo, na shinikizo ndilo linalochelewesha maji kuchemka. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 100 hapa pwani na takriban 94 Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Yakiwa chini ya mfuniko ulioandikwa 1.1, hapa pwani hayachemki mpaka yapite nyuzijoto 120. Mfuniko wenye mpira uliokauka au springi iliyochoka huyaacha yachemke mapema, yamwagike kwenye tangi la akiba, kisha injini ikipoa haurudishi kilichotoka. Wapo walioshusha injini nzima ilhali ugonjwa ulikuwa hapo. Na kwa sababu hiyo hiyo ya shinikizo, usiufungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata ukiwa umeshika tambara, kwani maji yaliyozidi nyuzijoto 100 hulipuka kuwa mvuke pindi yanapopata upenyo.

Swali la pili ni hili: maji yanakwenda wapi? Gari linalochemsha bila kupoteza maji na gari linaloongezwa maji kila asubuhi ni wagonjwa wawili tofauti. Kwa hilo la pili, kipimo cha kwanza ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko na kusukuma shinikizo injini ikiwa baridi. Ukijaza hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko na mshale wake ukabaki palepale kwa robo saa, mfumo wa nje hauvuji. Ukishuka na hakuna tone chini, chungulia kwenye zulia la abiria wa mbele, ambako maji ya hita hujificha, kisha ng'oa plagi zote na uzitazame. Plagi moja iliyo safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, inaonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda hiyo.

Kipimo cha kuthibitisha kwamba gesi ya moto kutoka kwenye silinda inapenya kwenye maji kinatumia kimiminika cha bluu, ambacho hubadilika kuwa cha njano kikikutana na hewa ya ukaa. Kichupa huwekwa juu ya mdomo wa rejeta, injini inanguruma, hewa inavutwa kupitia humo. Gereji isiyo na kifaa hicho bado ina njia mbili za bure. Ya kwanza ni kuwasha injini ya baridi asubuhi na kushika hozi ya juu: ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, shinikizo hilo halikutokana na joto. Ya pili ni kufungua mfuniko baada ya gari kulala usiku kucha. Likitoa mlio wa hewa inayotoka ilhali injini ni baridi kabisa, gesi iliingia jana na haikupata pa kutokea.

Gari langu lilikuwa na dalili hizo zote mbili, na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imeshabadilishwa, tena zaidi ya mara moja. Kila lilipotoka gereji lilikaa vizuri kwa muda, kisha safari ndefu ya kwanza yenye milima ikaurudisha ugonjwa. Rejeta ilikuwa mpya, pampu mpya, feni ilizunguka inavyotakiwa, na kulikuwa na alama nyeupe ya maji yaliyokauka nyuma ya injini, upande wa ukuta unaoitenganisha na chumba cha abiria, mahali ambapo huoni mpaka uweke kioo na tochi. Mzee mmoja, fundi mchongaji wa vyuma ambaye wala hatengenezi magari, ndiye aliyeuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: zile bolti za hedi zilipokazwa, zilikaza kweli?

Hazikuwa zimekaza. Bolti za upande wa nyuma, katikati, zilikuwa zimetoka na unga wa aluminiamu kwenye meno yake, kwa sababu thredi za bloku, yaani meno ya ndani ya matundu ya bolti, zilikuwa zimekufa. Aluminiamu ni laini kuliko chuma cha bolti, na injini ikishachemsha sana, au bolti zikishafunguliwa na kukazwa mara kadhaa, meno yaliyomo ndani ya bloku huanza kung'oka. Bolti ya namna hiyo hudanganya, kwani mkono unahisi inakaza, kumbe inajivuta juu pamoja na meno yake. Injini ikiwa baridi na mzigo mdogo, hedi inakaa. Mlimani shinikizo ndani ya silinda linaongezeka, hedi inanyanyuka kiasi kisichoonekana kwa macho, gesi inapita. Gasketi mpya juu ya bolti hizo haiwezi kudumu hata ingekuwa ya bei gani.

Dawa yake ipo na haikuhitaji injini nyingine. Kila tundu hutobolewa upya kwa kipimo, likakatwa thredi kubwa zaidi, kisha ikafungwa bushi ya chuma yenye thredi za ndani za kipimo cha awali. Sharti ni tundu liwe wima kabisa, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye kiongozi cha kutobolea, asiye wa kushika drili kwa mkono na kukisia. Nami nilisisitiza matundu yote yafanyiwe hivyo, maana yale ambayo hayajafa yameshapata joto lile lile.

Hedi ikiwa nje, simama uone inapimwa. Rula ya chuma iliyonyooka inalazwa juu ya uso wake kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, na kipimo chembamba kinapitishwa chini yake. Kwa injini nyingi za petroli za aina hii, pengo linalozidi milimita 0.05 linatosha kuipeleka ikapigwe skimu, yaani uso wake usawazishwe kwa mashine. Uso wa bloku nao upimwe, jambo ambalo husahaulika kwa sababu bloku haisafirishiki kwenda kwa mchongaji. Kataa mtu asafishe nyuso hizo kwa grenda yenye diski ya msasa. Zinang'aa vizuri, lakini zinaachwa na mabonde, na unga wake huingia kwenye oili. Bolti ziwe mpya pale kitabu cha injini kinapoagiza hivyo, zikazwe kwa mpangilio wake na kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Fundi asiyekuwa na spana hiyo anaweza kuwa hodari kwa kazi nyingine, ila hii asipewe.

Baada ya kufunga, hewa iliyobaki kwenye mfumo inaweza kukurudisha mwanzo na kukufanya uilaumu kazi nzuri. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza taratibu, na uache injini ingurume mfuniko ukiwa wazi tangu baridi hadi feni iwake na kuzima, ukiongeza kila yanaposhuka. Hita ikitoa upepo wa baridi ilhali injini ina moto, hewa bado imo. Jaza kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, na usichanganye kulanti za aina mbili kwa kufuata rangi, kwa kuwa rangi ni uamuzi wa kiwanda tu. Unga wa manjano, ute wa yai na zile dawa za chupa za kuziba uvujaji huziba kweli, lakini hazichagui, na mirija ya hita ndiyo huwa ya kwanza.

Usiutegemee mshale wa dashibodi kwa kipindi cha uangalizi. Katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzijoto kadhaa, hivyo unaposogea umechelewa. Na maji yakiisha kabisa sensa hubaki kwenye mvuke na inaweza kuonyesha joto dogo. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma takwimu kwenye simu kitakuonyesha joto lenyewe kwa namba. Kati ya 85 na 100 ni hali ya kawaida kwa magari mengi. Ikipita 105 na kuendelea kupanda, zima kiyoyozi, fungua hita, tafuta pa kusimama.

Na ukishauriwa ununue injini ya mtumba, kwanza pata majibu ya vipimo hivi, kwa sababu injini hiyo itafungwa kwenye rejeta ile ile, hozi zile zile na feni ile ile. Ukishaamua kuinunua, themostati na pampu yake ving'olewe vikaguliwe kabla haijaingia kwenye gari, wakati kila bolti bado inafikika kwa mkono.