Barua kwa mwanangu: Kuhusu Burning Spear

Mwanangu mpendwa,

Juzi uliponipigia simu uliniuliza swali nikalijibu nusunusu, kwa sababu kibanda kilikuwa kimejaa wateja. Ulisema: "Baba, wewe ni mzee wa kanisa. Umewezaje kumsikiliza Burning Spear miaka yote hii? Na huyo mtu anaamini kweli anachoimba, au ni kazi tu?" Swali hilo limenikaa moyoni, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na jina, maana linatugusa. Mwimbaji huyu wa rege kwao ni Winston Rodney, mzaliwa wa St. Ann's Bay, Jamaika, mwaka wa 1945. Hilo la Burning Spear, yaani mkuki unaowaka, alilichukua kwa Mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiitwa hivyo. Babu yako aliposikia mara ya kwanza redioni kwamba kuna mwimbaji wa ng'ambo mwenye jina hilo, aliacha kula akaniambia niongeze sauti.

Alivyoingia kwenye muziki amesimulia mwenyewe. Mwaka wa 1969, kwenye vilima vya St. Ann, alikutana na Bob Marley akielekea shambani na punda wake, ndoo, panga na miche ya kupanda. Rodney akamwambia anataka kuimba. Marley akamwelekeza aende Studio One, studio ya kurekodi muziki kule Kingston. Basi, hivyo tu, watu wawili wamesimama njiani kama wanaoulizana habari za mvua. Naipenda sana picha hiyo.

Mji huohuo wa St. Ann's Bay ndiko alikozaliwa Marcus Garvey, mwaka wa 1887, yule aliyewahimiza watu weusi wa Marekani na visiwani wainue vichwa na kuitazama Afrika kuwa kwao. Alifungwa Marekani, akafukuzwa huko, akafia London mwaka wa 1940. Rodney alitoa albamu yenye jina la Garvey mwaka wa 1975, na tangu hapo hajachoka kumtaja. Sikiliza anavyoimba: besi nzito inatembea taratibu, matarumbeta yanaitikia, naye anarudia neno lilelile, tena na tena, mpaka linageuka sala. Ukiwahi kukesha matangani, usiku ule wa manane watu wanapoanza kuimba kwa sauti za chini, utaijua sauti hiyo.

Sasa ugumu wenyewe. Rodney ni Rasta, na Warasta wengi humwona Haile Selassie, aliyetawazwa mfalme wa Ethiopia mwaka wa 1930, kuwa ni Mungu. Hapo mimi na wao tunaachana njia, na sitakuficha. Hata Garvey, ambaye wao humwita nabii, hakuwa Rasta. Alimkosoa mfalme huyo kwa maneno makali baada ya Waitaliano kuivamia nchi yake naye akakimbilia Uingereza. Halafu mwaka wa 1974 mfalme akapinduliwa, na Agosti 1975 akafa. Hebu fikiria kuimba habari za mfalme wa milele, kisha redio inatangaza kifo chake. Mwaka wa 1980, miaka mitano baadaye, Rodney akatoa albamu aliyoiita Hail H.I.M., ya kumtukuza mfalme huyohuyo. Mtu anayetafuta riziki tu angekuwa amekwisha kubadilisha wimbo.

Na pesa pia hazikumpindua. Kampuni ya muziki ya Island ilipoitoa ile albamu ya 1975 Uingereza, ilichanganya sauti upya ili iwaingie wasikilizaji wa huko. Hakuridhika, akaanzisha lebo yake mwenyewe. Tuzo za Grammy alizipata mara mbili, 2000 na 2009, nywele zikiwa tayari na mvi.

Umeniuliza nimewezaje. Mwaka tuliomzika mama yako, nilienda kanisani kila Jumapili kwa sababu yenu, lakini mdomo haukufunguka kuimba hata wimbo mmoja. Niliinamia redio za watu hapa kibandani, nikisafisha vichwa vya kaseti kwa pamba na spiriti, na kila nilipotaka kujaribu kama redio imepona niliweka kaseti yake. Nilimsikia mtu aliyefiwa na yule aliyemtumainia, na bado anaimba. Imani yake si yangu, ila ile sauti ilinishika mkono mpaka siku niliyoweza tena kuimba tenzi. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata mchungaji.

Kaseti yenyewe bado ninayo. Upande wa pili utepe ulikatika, nikauunga kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo sauti inaruka kidogo katikati ya wimbo wa pili. Mkanda wa redio kubwa nimeubadilisha wiki hii. Ukija Desemba tutaisikiliza pamoja.

Baba yako