Unauguza ndugu mwenye baipola: vitabu vya Kay Redfield Jamison, uanze na kipi

Mkuu, umeuliza uanze na kitabu kipi cha Kay Redfield Jamison, maana mdogo wako ameambiwa ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha kumporomosha kwenye huzuni nzito, na nyumbani mnagombana kila siku juu ya dawa. Pole sana. Mimi nauguza kaka yangu hapa Moshi na vitabu hivyo nilivisoma katikati ya misukosuko hiyo hiyo, hivyo nakujibu kama ndugu wa mgonjwa. Ya dozi mwachie daktari.

Anza na An Unquiet Mind, cha mwaka 1995. Jamison ni mwanasaikolojia, profesa wa chuo kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, na mwaka 1990 alitoa pamoja na Frederick Goodwin kitabu kikubwa cha kitaalamu kuhusu ugonjwa huu. Halafu ugonjwa wenyewe anao. Mwaka 1974, miezi michache tu baada ya kuajiriwa kufundisha UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ulimpanda: halali, anaongea bila kituo, ananunua vitu ovyo, hadi vifaa vya kutibia kuumwa na nyoka. Kaka yake, mchumi, ndiye aliyekuja kukaa naye kupanga risiti na madeni.

Nilipofika hapo nilimpigia shemeji. Kaka alikuwa amebeba marobota ya mitumba Kiboriloni kwa mali kauli, kwa watu tofauti, na kule Kibosho amewaahidi wajomba kuwajengea. Ukoo uligawanyika, hawa wanasema karogwa na wenzake wa sokoni, wale wanataka apelekwe kwenye maombi. Mimi na shemeji tulichukua daftari, tukaandika nani anadai nini, tukawafuata wadai mmoja mmoja na kuwaeleza kwamba mtu wetu anaumwa. Wengi walikubali kurudishiwa mzigo.

Lakini sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ile ya lithiamu, dawa ya kumtuliza mgonjwa wa baipola. Dawa hii ilijulikana kwa kazi ya daktari John Cade wa Australia, mwaka 1949, na Jamison anasema wazi kwamba imemwokoa. Hata hivyo aliikataa, akaiacha, akaanza tena. Ilimtetemesha mikono na kumtapisha, na kwa dozi kubwa aliyopewa alikaa miaka mingi hawezi kusoma kitabu kizito. Zaidi ya hayo, alikuwa anaitamani ile raha ya kupanda. Baada ya kuiacha aliporomoka kwenye huzuni nzito, akameza lithiamu nyingi akitaka kufa. Aliokolewa.

Kaka yangu alikuwa anabana kidonge chini ya ulimi, akipewa kisogo anakitema na kukificha kwenye foronya. Shemeji alivikuta siku ya kufua. Baada ya kumsoma Jamison sikumuuliza kaka kwa nini hamezi. Nilimuuliza dawa inamnyima nini. Akasema mikono inamtetemeka akihesabu chenji mbele ya wateja, wanadhani ni mlevi. Hilo tukalipeleka kwa daktari, akapima damu, akapunguza dozi. Tangu hapo anameza mwenyewe.

Kama mdogo wako naye anatumia lithiamu, vipimo vya damu msiviruke, vya figo na vya tezi ya shingoni pia. Akiharisha au akitapika sana, wahini hospitali, maana mwili ukikaukiwa maji dawa hupanda kwenye damu na inaweza kumdhuru.

Night Falls Fast, cha mwaka 1999, kinahusu kujiua. Ni kizuri na kizito. Usikisome peke yako wakati mgonjwa ameporomoka; na akianza kusema habari za kufa, weka kitabu chini, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Touched with Fire, cha mwaka 1993, kiache mwisho. Kinahusisha ugonjwa huu na wasanii kama Byron, mshairi wa Uingereza. Kuwapima marehemu kwa barua na mashairi yao mimi kunanitia shaka, na mtu aliyepanda asikiguse kabisa, atapata sababu ya kutupa dawa.

Umeuliza pia kama umpe mgonjwa asome. Mpe akishatulia, na kama Kiingereza kinamchosha, msimulie kwa Kiswahili sura moja moja, mkewe naye awepo. Nakala yangu iko kwa shemeji, Majengo. Akimaliza nitakuazima.