Pilipili chini ya taa: maswali yenu, kutoka majani hadi maua

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya pilipili zinazolelewa ndani, kwenye vyungu, kwa taa za LED. Mengi yana kosa moja ndani yake: mtu ameazima ratiba ya mmea mwingine akaibebesha pilipili. Nianze na hilo.

Swali: Mtaalamu, miche yangu ya pilipili ina wiki 9, imejaa majani lakini haina ua hata moja. Nimeambiwa nipunguze taa kutoka saa 18 hadi 12 ili ichanue. Nianze lini?

Usianze. Ratiba ya saa 12 za mwanga na saa 12 za giza imetoka kwa wanaolima bangi ndani, na bangi, sawa na krisanthemu, ni mmea wa siku fupi: usiku ukirefuka ndipo unapoacha majani na kuingia kwenye maua. Pilipili haihesabu usiku. Inachanua ikishakomaa. Shina hupanda likitoa majani 8 hadi 12, wakati mwingine zaidi, kisha linagawanyika, na ua la kwanza linakaa palepale kwenye panda. Uchungulie mche kwa juu. Ukiona ncha imegawanyika na katikati kuna kifundo cha kijani kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ua liko njiani. Kama shina bado ni moja, subiri.

Wiki 9 wala si nyingi. Hoho na pilipili ndefu za kawaida huonyesha ua la kwanza kati ya wiki ya 8 na ya 10 tangu mbegu ifukiwe, na pilipili mbuzi huweza kupita wiki ya 12.

Ubaya wa kupunguza saa ni huu: mmea hula mwanga wa siku nzima, yaani nguvu ya taa mara muda inaowaka. Ukitoka saa 18 kwenda 12 kwa taa ileile, umeupokonya theluthi moja ya chakula chake wakati unajiandaa kubeba matunda. Weka saa 14 hadi 16 tangu majani ya kweli ya kwanza (yanayofuata yale mawili ya mbegu) mpaka mavuno ya mwisho, na taima usiiguse tena.

Na wale wanaotaka kuwasha saa 24 "ili ikue haraka", waache. Nyanya ikinyimwa giza majani hugeuka manjano na kuharibika, na pilipili, ingawa huvumilia kidogo zaidi, nayo huishia na majani yaliyokunjamana na yaliyopauka.

Swali: Taa yangu ni ya wati 1000, naining'iniza juu ya vyungu sita kwa umbali wa mita moja, lakini miche imerefuka na kulegea. Niongeze mbolea gani?

Hakuna mbolea inayotibu kiu ya mwanga, na naomba swali hili lisirudi tena. Mche uliorefuka, wenye nafasi ndefu kati ya jani na jani, unatafuta mwanga. Ukiulisha naitrojeni juu ya hapo utarefuka zaidi na kulegea zaidi.

Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni maneno ya muuzaji. Kinachohesabika ni wati ambazo taa inavuta kwenye soketi, na taa nyingi zinazoitwa za wati 1000 huvuta 100 hadi 200 tu. Chukua taa nzuri inayovuta wati 100 za kweli. Taa ya namna hiyo hutoa kama mikromoli 2.5 za mwanga (mikromoli ni kipimo cha mwanga ambao mmea unautumia) kwa kila juli, yaani wati moja kwa sekunde moja, kwa hiyo jumla ni 250 kwa sekunde. Uzielekeze zote kwenye eneo la sentimita 60 kwa 60 na, ukitoa zinazopotelea ukutani, mmea unapata kama 500 kwa mita mraba. Uzitawanye kwenye mita mraba nzima na unabaki na 200 hivi. Taa ni ileile, lakini pale kwanza unavuna matunda na pale pili unavuna majani.

Mahitaji ya pilipili ni haya: miche michanga mikromoli 150 hadi 200, hatua ya majani kama 300, maua na matunda 400 hadi 600. Huna kipimo? Simu yenye programu ya kupima luksi, yaani mwangaza kama jicho linavyouona, inatosha kuanzia. Chini ya taa nyeupe za LED gawanya luksi kwa 67 hivi: luksi 20,000 ni karibu mikromoli 300. Simu hukosea kiasi, lakini kwa kulinganisha katikati na pembeni haina tatizo. Pima kwenye kimo cha majani ya juu, usipimie sakafuni. Kisha shusha taa hatua kwa hatua, sentimita 10 kila baada ya siku mbili, ukiangalia majani ya juu. Yakipauka au yakisimama wima kama mikono inayoomba, umeshusha mno. Kuweka mkono chini ya taa kunapima joto tu, mwanga hakuupimi.

Swali: Taa ya zambarau au nyeupe?

Nyeupe. Pilipili inakua vizuri chini yake, na wewe unaona rangi ya kweli ya jani. Chini ya zambarau kila jani linaonekana jeusi, na utitiri unaweza kumaliza mmea kabla hujashtuka.

Swali: Maua yameanza. Dukani wameniambia ninunue chupa ya "mbolea ya kuchanulia" yenye fosforasi nyingi na niache kabisa naitrojeni. Ni sahihi?

Si sahihi, na chupa hizi zimeharibu pilipili nyingi. Mmea unaobeba maua bado unatoa majani, matawi na mizizi mipya kila siku, na vyote hivyo vinajengwa kwa naitrojeni. Ukiikata ghafla, ndani ya wiki mbili majani ya chini yanageuka manjano, mmea unayanyonya ili kulisha ya juu, na maua yanaanguka kwa njaa. Fosforasi nayo ikizidi haileti ua hata moja la ziada. Inazuia mizizi kuchukua zinki na chuma, na hapo majani machanga yanatoka yamepauka huku mishipa ikibaki kijani. Mtu akiona hivyo anarudi dukani kununua chupa ya tatu.

Kinachoongezeka kweli wakati wa maua na matunda ni hamu ya potasiamu. Kwa hiyo tumia mbolea kamili ileile, yenye kalsiamu na magnesiamu, na tunda la kwanza likishashika uhamie kwenye ile inayotumika kwa nyanya, ambayo potasiamu yake ni kubwa kuliko naitrojeni. Kwa wenye kipimo cha EC, kinachoonyesha wingi wa chumvi za mbolea ndani ya maji (kwa mS/cm): miche 0.6 hadi 0.8, majani 1.2 hadi 1.5, maua na matunda 1.8 hadi 2.2. Maji ya kumwagilia yawe na pH (kipimo cha uchachu) ya 5.8 hadi 6.3 kama unalimia makumbi ya nazi. Kwenye udongo wenye mboji, 6.0 hadi 6.8 ni sawa, na hapo punguza vipimo vya mbolea kwa nusu kwa sababu mboji yenyewe inalisha.

Mkiwa kwenye makumbi: yaoshwe na kulowekwa kwa maji yenye kalsiamu kabla ya kupanda. Yakiwa mabichi hushikilia kalsiamu na kuachia potasiamu na sodiamu, na mche huanza maisha ukiwa na upungufu ambao huutambui. Changanya sehemu saba za makumbi na tatu za perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi zinazoingiza hewa.

Swali: Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Swali hili huja kila mara na jibu ni lilelile: kalenda haijui chungu chako kina maji kiasi gani. Kinyanyue. Kinyanyue kikiwa kimetoka kumwagiliwa, kinyanyue tena kesho, na mkono utajifunza tofauti ndani ya siku chache. Chungu cha lita 10 kikishakuwa chepesi waziwazi na sentimita 2 au 3 za juu zimekauka, mwagilia taratibu mpaka kiasi kama sehemu moja kwa kumi ya maji itoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Chungu kisikae ndani ya maji.

Majani yakilegea, usikimbilie kopo la maji. Chungu chepesi na majani yamelegea ni kiu, na mmea utainuka ndani ya saa moja au mbili baada ya kunywa. Chungu kizito na majani yamelegea maana yake mizizi inakosa hewa, na ukiongeza maji unaiua. Visubi vyeusi vinavyoruka ukigusa udongo ni dalili ya pili ya kumwagilia kupita kiasi: mabuu yao yanaishi kwenye tabaka la juu lenye unyevu. Likauke, tundika karatasi za manjano zenye gundi, na wengi wataisha.

Swali: Maua yanatoka mengi, yanafunguka, halafu yanaanguka yote. Kwa nini?

Okota ua lililoanguka uliangalie. Kama kikonyo kimegeuka manjano na kimeachia kwenye kiungo chake, mmea wenyewe umeamua kulitupa. Sababu ya kwanza ni joto. Mchana ukipita nyuzi 32 chavua inapoteza uwezo, na usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 hali ni hiyohiyo. Lenga nyuzi 22 hadi 28 taa ikiwaka na 17 hadi 20 ikizimwa. Pima kwenye kimo cha maua, kwa sababu karibu na taa kunaweza kuwa na nyuzi 4 au 5 zaidi ya ukutani.

Ya pili ni uchavushaji. Ua la pilipili lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, kwa hiyo halihitaji nyuki, ila linahitaji kutikiswa. Nje upepo unalifanyia kazi hiyo. Ndani hakuna upepo. Weka feni inayozunguka, majani yatetemeke bila kupinda. Juu yake, kila siku taa ikiwa imewaka saa chache, gusisha mgongo wa mswaki wa umeme kwenye kikonyo cha kila ua lililofunguka kwa sekunde 2 au 3. Ukitazama kwa karibu, chavua inaonekana ikidondoka kama unga kwenye petali ya chini. Isipodondoka na hewa ina unyevu wa juu ya asilimia 80, chavua imeshikana: fungua dirisha au washa feni ya kutoa hewa. Unyevu wa asilimia 50 hadi 70 ndio unaofaa.

Ya tatu ni naitrojeni nyingi. Majani ya kijani kilichokolea mno, makubwa na yaliyopinda kwa chini, pamoja na maua yanayoanguka, yanakuambia upunguze dozi.

Maua matatu au manne ya kwanza yakianguka kwenye mche mdogo, achana nayo. Mche ulio bado kwenye chungu cha nusu lita hata ni vizuri kuyachuma mwenyewe, uhamie chungu cha lita 3 na baadaye cha lita 10 kabla ya kuruhusu matunda.

Swali: Majani machanga yamejikunja, ni membamba na magumu. Nimepuliza kalsiamu mara tatu, hali inazidi.

Acha kalsiamu, tafuta lenzi inayokuza mara 20 hadi 30. Majani machanga yanayotoka magumu, yaliyojikunja kingo, yenye mng'ao wa kahawia upande wa chini, huku majani ya zamani yakiwa mazima, kwa pilipili karibu kila mara ni utitiri wa Polyphagotarsonemus latus. Macho matupu hayauoni. Kwa lenzi, chini ya jani changa, utaona mayai yaliyo wazi kama kioo, yamepangwa vidoa vyeupe juu yake. Hakuna mdudu mwingine wa pilipili mwenye mayai ya namna hiyo.

Tenga mmea leo. Kata ncha zilizoharibika, zifunge kwenye mfuko zitoke nje ya nyumba. Puliza salfa ya kuyeyusha kwa maji, kwa kipimo cha kwenye pakiti, taa zikiwa zimezimwa, upande wa chini wa majani hasa, na urudie baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu kizazi kipya hukamilika ndani ya wiki moja. Usipulize salfa joto likipita nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili za kupuliza mafuta yoyote, ukiwemo mwarobaini: majani yataungua. Vaa barakoa, chumba kiwe na hewa. Majani yaliyokwisha kunjamana hayatanyooka tena. Angalia yale yatakayotoka baada ya dawa.

Swali: Nikate kilele ili itoe matawi?

Pilipili fupi zinazotawanyika zenyewe, usikate. Zinazorefuka, kata juu ya jani la tano au la sita, mara moja tu, ukijua kwamba ua la kwanza litachelewa kama wiki mbili.

Swali: Tunda limeoza kitako, jeusi na limebonyea.

Kalsiamu haikufika kwenye tunda. Mara nyingi ipo tele kwenye chungu, lakini husafiri na maji tu, na chungu kinachokaushwa kabisa kisha kikafurikishwa huikatisha njia. Sawazisha umwagiliaji, ondoa matunda yaliyooza, na yatakayofuata yatatoka mazima.

Swali: Naweza kuchomeka taa mbili, feni na pampu kwenye ekstensheni moja iliyo sakafuni?

Iondoe sakafuni kabla hujamaliza kusoma hapa. Jumlisha wati za vifaa vyote na zisivuke robo tatu ya uwezo ulioandikwa kwenye ekstensheni, kwa sababu hii ni kazi ya saa 16 kila siku, na waya mwembamba hupata moto polepole mpaka plastiki inalainika. Iweke ukutani, juu ya kimo cha vyungu, na kila waya unaoingia kwenye soketi uning'inie kwanza chini ya soketi kisha upande juu, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke pale chini. Usiku wa kwanza, baada ya saa mbili, gusa plagi na taima kwa mkono mkavu. Ikiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, zima na ubadilishe.